Mbuta Wamepungua: Je, Vizimba Vitawapokea Wavuvi?



Miaka ya 1980 na 1990 mbuta alileta pesa nyingi Ziwa Victoria. Viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu, Homa Bay na Migori, na samaki wakauzwa Ulaya. Baadaye mbuta walipungua, na viwanda vingi vikafungwa. Sasa mvuvi anakesha majini, na asubuhi hata pesa ya petroli hairudi. Akina mama waliokaanga mgongo wazi nao wamebaki na karai tupu.

Wakati huohuo kuna kazi inayokua: kufuga ngege ndani ya vizimba ziwani. Vizimba vimeongezeka sana tangu miaka ya 2010, hasa Siaya, Homa Bay na Kisumu. Je, kazi hii inaweza kuwachukua wavuvi?

Tunasema ndiyo, maana ujuzi wanao tayari. Anayeshona nyavu atashona nyavu za kizimba. Mwenye mashua atapeleka chakula na walinzi. Mvuvi anajua upepo na mikondo ya maji. Akina mama wanajua wateja.

Lakini hapa ndipo wengi huanguka. Uvuvi hulipa kila asubuhi. Kizimba hulipa baada ya miezi sita hadi minane. Muda huo wote samaki wanakula, na chakula chao humeza zaidi ya nusu ya gharama. Asiye na akiba atauza samaki wangali wadogo, apate hasara.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Msiache uvuvi siku moja. Wengine waendelee kuvua, wengine wachunge kizimba.

2. Wachache watafute kazi ya mshahara kwenye vizimba vya wenye mtaji, wajifunze huko.

3. Wekeni akiba ya chakula cha samaki kabla ya kununua vifaranga.

4. Muoneni afisa wa uvuvi na kamati ya ufuo kuhusu mahali pa kuweka kizimba. Maji yawe na kina na yatembee, na pasiwe mazalio ya samaki. Mwaka 2022 samaki wengi walikufa vizimbani upande wa Kisumu kwa kukosa hewa majini.

Maswali ya kujadili mkutanoni: Nani kati yetu ana ujuzi gani? Tutakula nini miezi hiyo minane? Na je, akina mama watakuwa wenye kizimba, au wachuuzi tu?