Daftari la Msituni Gombe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeisikia mara nyingi dukani na katika chama cha ushirika. Ndugu msomaji, leo tutaona kwamba methali hii ni ya kweli hata msituni, katika kazi ya kuchunguza akili za sokwe.

1. Njia ya zamani

Watu wa Tabora wanazijua habari za njia ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga. Mbele ya msafara alikwenda kirongozi. Yeye ndiye aliyeijua njia.

Siku hizi safari ile hufanywa kwa garimoshi. Reli kutoka Tabora ilifika Kigoma, karibu na Ujiji, mwaka 1914. Ukifika Kigoma unapanda mashua, unafuata ufuo kwenda kaskazini kiasi cha kilometa 16. Hapo utaiona milima yenye misitu inayoshuka mpaka ziwani. Hapo ni Gombe. Tangu mwaka 1968 Gombe ni Hifadhi ya Taifa.

2. Sokwe na kichuguu

Sokwe hana mkia. Anafanana na binadamu kuliko nyani na ngedere. Tarehe 14 Julai 1960 alifika Gombe Jane Goodall, msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26. Alitumwa na Louis Leakey, mtaalamu aliyezaliwa Kenya. Wenyeji wa pale, kama Rashidi Kikwale, walimwongoza milimani.

Mwezi wa Novemba mwaka huohuo alimwona sokwe dume mwenye ndevu nyeupe. Alimpa jina la David Greybeard. Sokwe huyo alikuwa amekaa kwenye kichuguu. Alichukua unyasi, akauingiza tunduni, akangoja kidogo, kisha akautoa polepole. Mchwa walikuwa wameung'ang'ania. Akawala. Baadaye ilionekana kwamba sokwe huchuma hata kijiti na kukipukutisha majani kabla ya kukitumia. Maana yake, anatengeneza chombo chake.

Kabla ya hapo wataalamu wengi walisema ni binadamu tu atengenezaye vyombo. Sasa ilibidi wafikiri upya.

Tusidhani kwamba mambo haya yako mbali na sisi. Sokwe wako pia katika miombo ya Ugalla, magharibi ya Tabora. Mwaka 2007 wachunguzi walieleza kwamba sokwe wa huko hutumia vijiti kuchimbua mizizi ya kula.

3. Utajuaje anachofikiri?

Sokwe hawezi kuulizwa maswali. Kwa hiyo mchunguzi hutazama anachofanya, tena na tena, na kuandika. Kuona mara moja hakutoshi. Mkulima hawezi kuijua mvua ya kwao kwa kuitazama siku moja.

Tuchukue mfano. Nani hujifunza kuvua mchwa mapema, mtoto wa kike au wa kiume? Ili kujibu, lazima ujue kila mtoto alizaliwa lini. Lazima ujue mama yake ni nani, na siku gani alifaulu kuvua mchwa mara ya kwanza. Kazi hiyo ilifanywa Gombe. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba watoto wa kike hutangulia kwa zaidi ya miaka miwili. Sababu moja ni hii: wa kike humtazama mama akifanya kazi, wa kiume hucheza zaidi. Bila daftari, nani angelijua jambo hilo?

4. Kazi ya mratibu wa utafiti

Wachunguzi wa Gombe huondoka alfajiri. Humkuta sokwe karibu na kiota alicholala, humfuata mchana kutwa mpaka ajenge kiota kingine jioni. Huandika saa, mahali, chakula alichokula, na sokwe aliokutana nao. Kila dakika 15 huonyesha kwenye ramani mahali alipo. Wachunguzi wa Kitanzania wameandika habari hizo kwa Kiswahili.

Kazi ya watu wengi inahitaji mtu wa kuipanga. Huyo ndiye mratibu. Yeye ni kama kirongozi wa msafara. Kazi zake ni hizi:

(a) Kupanga nani amfuate sokwe gani, na siku gani.
(b) Kuwafundisha wapya kumtambua kila sokwe kwa sura.
(c) Kusoma maandishi jioni na kuuliza palipo na mashaka.
(d) Kuyatunza maandishi yasilowe, yasiliwe na mchwa, yasipotee.
(e) Kuhakikisha watu wanarudi salama.

Sheria kubwa ni moja: andika ulichokiona. Sokwe akipotea kichakani, andika kwamba amepotea. Usijaze nafasi kwa kubuni. Uongo wa siku moja huharibu kazi ya miaka.

5. Mambo yasiyopendeza

Daftari la kweli huandika mazuri na mabaya. Mwezi wa Januari 1974 mzee wa kazi Hilali Matama aliona jambo la kutisha. Madume ya kundi la Kasakela yalimkamata sokwe mmoja wa kundi la Kahama, jina lake Godi, yakampiga vibaya sana. Hakuonekana tena. (Kahama hii ni bonde la Gombe, siyo mji wa Kahama tunaoujua.) Vita hivyo viliendelea mpaka mwaka 1978, na kundi la Kahama likaisha. Jane Goodall mwenyewe aliwadhania sokwe kuwa wapole kuliko sisi. Lakini habari ziliandikwa kama zilivyokuwa, na ulimwengu ukajifunza.

6. Usiku wa Mei 1975

Mwezi wa Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Zaire, ambayo leo ni Kongo. Waliwateka vijana wanne wa kigeni waliokuwa Gombe. Baadaye wote waliachiliwa wakiwa hai. Lakini wageni waliondolewa Gombe, na wengi walidhani kazi imekwisha.

Haikuisha. Wachunguzi wa Kitanzania, wengi wao watu wa vijiji vya ziwani, waliendelea. Kila asubuhi walipanda milima na daftari zao. Kama wasingelijua kusoma na kuandika, miaka ile ingelikuwa pengo tupu.

Kumbuka pia kwamba mwezi wa Agosti mwaka huohuo wa 1975, mamilioni ya Watanzania walifanya mtihani wa kwanza wa kisomo nchini kote. Huko Gombe watu walikuwa tayari wameonyesha kisomo ni cha nini.

Jane Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Kazi ya Gombe bado inaendelea.

7. Faida kwetu

Huenda wewe hutafuata sokwe. Lakini una mizinga, una ng'ombe, una shamba la tumbaku. Andika siku uliyopanda. Andika mvua ilipoanza, mzinga upi ulitoa asali nyingi, ng'ombe yupi aliugua na alipewa dawa gani. Baada ya miaka mitano daftari lako litakufundisha mambo ambayo kichwa kimesahau. Na ukiondoka, mwanao ataanzia pale ulipofika.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini haitoshi kumtazama sokwe siku moja tu?
2. Mratibu wa utafiti anafanana vipi na kirongozi wa msafara?
3. Kwa nini ni vibaya kujaza daftari kwa mambo ya kubuni?
4. Ni nini kiliokoa kazi ya Gombe mwaka 1975?
5. Taja jambo moja kijijini kwenu linalofaa kuandikwa kila siku. Nani ataliandika, na daftari litatunzwa wapi?