Mzee mwenye demensia na jua la kaskazi

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, joto la mchana Dar es Salaam na Tanga hupita nyuzi 30. Hapo ndipo familia nyingi zinazomuuguza mzee mwenye demensia hufunga geti kwa kufuli. Hofu yao kwamba atatoka apotee juani naielewa, ila uamuzi huo siukubali. Mzee anayetembea kidogo kila siku hutulia na hulala vizuri zaidi; anayefungiwa hushinda akitafuta mwanya wa kutoka.

Mtoeni asubuhi kabla ya saa 4, au jioni baada ya saa 10, kofia kichwani na mtu pembeni. Uzee hupunguza kiu, na demensia humsahaulisha hata kuomba maji, kwa hiyo kumuuliza "Bibi, una kiu?" hakutoshi. Mpeni kikombe mkononi, mnywe pamoja, kidogo kidogo. Dafu, uji mwepesi na tikiti maji navyo vinasaidia, ingawa mwenye kisukari au maradhi ya moyo au figo apangiwe kiasi na daktari. Mwulizeni pia kuhusu dawa: baadhi ya zile za presha huongeza mkojo, na baadhi ya zile za kutuliza akili huzuia jasho. Msiziache wenyewe.

Linaloniuma zaidi ni hili: mzee anachanganyikiwa ghafla, anasinzia mchana kutwa, mkojo umekoza rangi, na nyumbani wanasema, "Ndiyo ugonjwa wake huo." Sivyo. Demensia kwa kawaida huzidi kwa miezi na miaka. Mabadiliko ya saa chache siku ya joto ni dharura. Mwekeni kivulini, mlowesheni kwa maji, mpepeeni, mkimbizeni hospitali. Kama amelegea asiweze kumeza, msimnyweshe kitu.

Anayepotea mara nyingi huelekea alikozoea zamani: kazini, sokoni, shambani. Mshoneeni namba ya simu kwenye nguo na muwe na picha yake ya karibuni. Bodaboda wa kijiweni, mama ntilie na mjumbe waambieni hali yake. Najua wengi huona aibu, lakini bado wapo watu wanaomkuta mzee uani mwao usiku wakamwita mchawi. Jirani anayeujua ugonjwa huo atamshika mkono amrudishe.

Akitoweka, msingoje jua lipungue. Tangazeni msikitini na kanisani, na wapigieni polisi simu 112 papo hapo.