Mwanangu Aandike Kabila Gani?

Kila walimu wa darasa la tatu na la nne wanapowapa watoto kazi ya kuchora mti wa ukoo, wazazi hunijia na swali lile lile. Baba Mchaga, mama Mluguru, mtoto kazaliwa Temeke: aandike kabila gani? Kabla sijajibu, mjomba mtu keshajibu: la baba, kabila ni damu. Jibu hilo nimelichoka, maana mtoto hulibeba hadi darasani na kulihesabu kuwa elimu.

Tuanze na hilo la baba. Uchagani ukoo hufuata baba, sawa. Lakini katika milima ya Uluguru, kwa desturi, ukoo hufuata mama, na ndivyo ilivyo kwa Wakaguru, Wamwera, Wayao na Wamakonde. Huyu wa Temeke, basi, anadaiwa na pande zote mbili. Sasa geuza wazazi: baba awe Mluguru, mama Mchaga. Kwa akina baba, mtoto ni wa kwao mama. Kwa akina mama, mtoto ni wa kwao baba. Kila upande unamsukumia mwenzake! Ukizishika kanuni zote mbili barabara, mtoto huyo hana kabila, ilhali ana mabibi wawili wanaogombea kumlea likizo. Watoto wa namna hiyo wamejaa katika shule zetu za mijini, nasi bado tunawapa karatasi yenye nafasi ya jibu moja.

Na damu je? Nenda Songea. Kundi la Wangoni lililoongozwa na Zwangendaba lilitoka kusini mwa Afrika, likavuka Zambezi mwaka 1835 na kufika Ufipa, alikofia kiongozi huyo miaka ya 1840. Njia nzima Wangoni waliteka watu, wakaoa, wakalea. Kufikia wakati baadhi yao walipotulia Songea, wenye asili ya kusini walikuwa wachache miongoni mwa walioitwa Wangoni. Hata Kingoni kinachosemwa huko leo kiko karibu na Kimatengo cha jirani kuliko Kizulu. Je, hao si Wangoni? Ni Wangoni kabisa, kwa sababu waliishi pamoja, wakazikana na kuitana ndugu. Sasa wapo wazazi wanaoniuliza kuhusu vipimo vya vinasaba vinavyouzwa ughaibuni. Vipimo hivyo hulinganisha mate yako na sampuli za watu wengine, kisha hukadiria asili yako. Desturi, utani na wosia wa babu havimo kwenye mate. Wekeni fedha zenu.

Wengine huniambia tuiache kabisa kazi hii ya ukoo, tusije tukapanda ukabila. Sensa yetu haijauliza kabila tangu ile ya 1967, nami naunga mkono. Ila mtoto anayemuuliza bibi yake alikotoka hamhesabu mtu. Ukabila hupandwa na mkubwa anayemwambia mtoto kwamba wale si wenzetu, na mkubwa huyo hangoji kazi ya shule.

Kwa hiyo, walimu, futeni nafasi ya kabila kwenye karatasi. Mtoto aulize nani alimpa jina na kwa nini. Bibi au babu alizaliwa wapi na alifikaje hapa. Nyumbani hupikwa nini siku ya shughuli. Watani wao ni akina nani. Pande zote mbili, kama zipo. Anayelelewa na shangazi, jirani au kituo achore waliomlea. Msidai picha za zamani, nyumba nyingi hazina. Mwalimu asome ya kwake kwanza, na mtoto asiyetaka kusoma mbele ya wenzake aachwe. Simu ya mzazi inatosha kurekodi sauti. Na wapeni wiki mbili, si siku moja, maana bibi aliyeko Matombo hapatikani hewani kila jioni.