Michezo ya watoto ni nyenzo ya kufunzia masomo ya jamii

Katika shule zetu nyingi, mchezo na somo vimetenganishwa kwa kengele. Ikilia, mtoto hukimbilia uwanjani kucheza. Ikilia tena, hurudi darasani kunyamaza. Mgawanyo huu umezoeleka kiasi kwamba mwalimu anayewachezesha wanafunzi wakati wa kipindi hushukiwa kuwa anakwepa kazi. Nionavyo mimi, mazoea haya yamelidhuru somo la jamii kuliko somo jingine lolote.

Kazi ya somo hili ni kumfunza mtoto jinsi watu wanavyoishi pamoja: wanavyogawana ardhi na maji, wanavyotunga sheria, wanavyonunua na kuuza, wanavyokosana na kupatana. Mambo haya yalikuwa matendo kabla ya kuwa maneno ya kitabuni. Watoto wenyewe wanalijua hilo. Katika kalongolongo humteua baba, mama, mwenye duka na mgeni, kisha hubishana kutwa nzima kuhusu nani ana haki gani. Huo ni uraia, ingawa hakuna aliyeuandika ubaoni.

Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mtoto aliyapokea mambo hayo kama orodha. Alikariri majina ya maziwa, mito na makabila, akayamwaga katika karatasi ya mtihani, kisha akayasahau. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, unamhimiza mwalimu atumie shughuli na michezo. Hata hivyo, mazoea hayafi kwa waraka wa wizara. Mchezo waweza kuingizwa darasani kama pambo tu: watoto wakaimba, wakapiga makofi, halafu wakanakili maelezo yale yale ya zamani. Isitoshe, wazazi wengi wamelalamikia gharama ya vifaa wanavyotakiwa kununua.

Natumia mfano wa Sori, mji ulio kwenye Ghuba ya Karungu, eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, kuonyesha kwamba mchezo wenye maana hauhitaji kununuliwa. Mtoto wa ufuoni hukua akiona omena wakianikwa. Anajua kwamba mitumbwi hutoka usiku wenye giza na taa za kuwavuta samaki, na kwamba mbalamwezi huharibu kazi. Mtoto huyu hahitaji kuelezwa uvuvi ni nini. Anahitaji kusaidiwa kufikiri juu ya yale anayoyaona.

Mwalimu na aanze na punje 100 za mahindi. Punje hizo ni Ziwa Victoria lote. Watoto wazigawe kwa nchi tatu jinsi wanavyodhani ni sawa. Aghalabu Kenya itapewa fungu nono, maana ndiyo nchi yao. Kisha mwalimu azipange upya: Tanzania punje 51, Uganda 43, Kenya 6. Mtoto akizitazama zile 6 ataelewa, bila hotuba, kwa nini kisiwa kidogo cha mawe kiitwacho Migingo kilizua mvutano mkubwa kati ya Kenya na Uganda mwaka 2009. Ramani ya kitabuni humwonyesha mpaka. Punje humwonyesha uzito wa mpaka huo.

Mchezo wa pili una manufaa zaidi. Mwalimu achore duara kubwa mchangani na kuweka ndani yake punje 40. Duara ni ziwa, punje ni samaki. Wanafunzi wagawanywe katika mitumbwi minne. Kila “usiku” mtumbwi mmoja unaruhusiwa kuvua punje zisizozidi 8, na ni marufuku kusemezana. Kukipambazuka, mwalimu huongeza punje sawa na zile zilizosalia, kwa kuwa samaki huzaana, ila jumla isipite 40.

Hebu tuhesabu. Mitumbwi yote ikivua 8, zimeondoka 32 na zimebaki 8; asubuhi ni 16. Usiku wa pili mitumbwi inazigombania hizo 16, na ziwa limekwisha. Kwa wastani kila mtumbwi umepata punje 12, kisha njaa. Sasa mchezo uanze upya, na wachezaji waruhusiwe kushauriana. Wakikubaliana kuvua 5 kila mmoja, husalia 20, na asubuhi ziwa lina 40 kama awali. Baada ya usiku 10, kila mtumbwi una punje 50 na ziwa bado limejaa.

Hapo ndipo somo linapoanza. Je, mtumbwi mmoja ukivua 6 kwa siri? Nani atakayehesabu? Adhabu iwe ipi, na nani ana mamlaka ya kuitoa? Baada ya kuyajibu maswali haya, mtoto ataelewa kwa nini kuna vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU), ambavyo serikali iliviwekea kanuni mwaka 2007, na kwa nini uvuvi wa omena husimamishwa kwa miezi kadhaa kila mwaka. Elinor Ostrom, msomi wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watu wanaotegemea mali moja ya pamoja waweza kuilinda kwa sheria walizojitungia. Mtoto aliyecheza katika duara hilo amekutana na hoja hiyo kwa mikono yake. Kesho yeye ndiye atakayekuwa mwenye mtumbwi, mchuuzi au ofisa wa samaki, na ziwa litaishi au litakufa kutokana na uamuzi wake.

Historia nayo ina mchezo wake. Katika kaunti hiyo hiyo ya Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Yaaminika lilijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Watoto wapewe mawe wajenge ukuta wa urefu wa goti. Utaanguka mara kadhaa. Watakapojua kwamba kuta halisi zimefika hata mita 4, watauliza wenyewe: watu wangapi walishirikiana, nani aliwaongoza, na walimwogopa nani?

Kama mwanaisimu, sina budi kuongeza jambo moja ambalo hupuuzwa. Faida ya mchezo hupatikana katika mazungumzo yanayoufuata. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afunzwe kwa lugha ya mazingira yake katika miaka mitatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike usukani. Sasa tazama: masomo ya jamii huanza kama somo kamili katika Gredi ya 4, wakati ule ule mtoto anaponyang'anywa lugha anayoimudu. Akiulizwa kwa Kiingereza kwa nini alivua 8, atajibu kwa neno moja au atainamisha kichwa. Akiulizwa kwa Kijaluo, au kwa Kiswahili ikiwa darasa lina watoto wa makabila mbalimbali, atajitetea, atamshtaki mwenzake, atapendekeza na kuweka masharti. Kushtaki, kushawishi na kuahidi ndiyo matendo ya raia. Asiyeweza kuyatenda kwa lugha yoyote ile hajafunzwa uraia. Basi mjadala uwe kwa lugha ya mchezo. Kiingereza kifuate katika kuandika.

Najua walimu watauliza: na darasa la wanafunzi 60 je? Na kipindi cha dakika 35? Ni maswali ya haki. Kundi moja licheze huku mengine yakihesabu na kuandika matokeo, kisha wabadilishane. Mchezo uwe leo na mjadala kesho. Aidha, mwalimu awe mwangalifu asimpe mtoto nafasi itakayomtonesha kidonda, kwani fuoni hazikosi nyumba zilizofiwa na wavuvi.

Nanyi wanafunzi wa vyuo vya ualimu, msingoje vifaa kutoka Nairobi. Tembeeni katika fuo, masoko na mashamba ya mahali mtakapopelekwa, mjiulize watu wa pale wanagawana nini na wanagombania nini. Mkishalijua hilo, mchezo mtauvumbua wenyewe. Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Watoto wetu wametafuna nta kwa miaka mingi. Wakati umefika waonjeshwe asali.