Roboti Haijui Pamba Imetoka Wapi

Kila nikizungumzia vinasaba naulizwa jambo lile lile: kwa nini maabara za jinai zisinunue roboti, binadamu wakae pembeni, makosa yaishe? Wanaouliza ni watu wazima wenye akili zao, mawakili wakiwemo.

Roboti ni nzuri. Huhudumia sampuli 96 kwa mkupuo mmoja, mkono hautetemeki, namba za mirija hazichanganyiki jioni watu wakishachoka. Kazi hiyo tuiachie. Lakini hii imani kwamba mashine haidanganyi inatesa watu wasio na hatia, kwa sababu kosa mara nyingi huingia kabla sampuli haijafika maabara.

Mwaka 2007 askari polisi wa kike aliuawa Heilbronn, Ujerumani. Garini mwake vikapatikana vinasaba vya mwanamke ambaye alama zake zilishaonekana kwenye matukio chungu nzima, hadi Austria na Ufaransa: hapa mauaji, pale wizi mdogo. Alisakwa kwa udi na uvumba. Machi 2009 ikabainika kwamba ni mfanyakazi wa kiwandani, aliyeshika vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, na kutakasa huua vijidudu, hakufuti vinasaba. Maabara zote zilisoma sawasawa. Roboti ingetoa jibu hilo hilo, tena mapema zaidi.

California, 2012: mtu alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu vinasaba vyake vilikuwa kwenye kucha za marehemu. Usiku ule alikuwa amelazwa hospitalini, amelewa hajitambui. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomshughulikia yeye ndio waliokwenda baadaye kwa marehemu. Alikaa mahabusu miezi mitano. Mashine gani ingeliona hilo?

Na zile mashine za kusoma vinasaba kwa dakika 90? Zilisaidia kutambua waliokufa kwenye moto wa Paradise, California, mwaka 2018, kwa kulinganisha mabaki yao na mate ya ndugu. Mpini wa kisu ulioshikwa na watu wanne, vinasaba vyao vikachanganyika, ni habari nyingine. Hapo anahitajika mtaalamu.

Basi, haraka haraka. Maabara: anzeni na roboti ya kutenganisha vinasaba na mfumo wa msimbo pau, wekeni kumbukumbu za vinasaba vya wafanyakazi wenu wote, nunueni vijiti vilivyokidhi ISO 18385. Polisi: badilisheni glovu kila kielelezo, nguo yenye damu ikaushwe iingie bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki. Wakili: uliza sampuli ina vinasaba vya watu wangapi, nani aliichukua, na vinasaba vilifikaje pale.