Vifaa vya Viwanda Mbalimbali Chini ya Paa Moja

Barabara ya lami kati ya Nzega na Tabora ilijengwa kwa vipande viwili vilivyokutana Puge. Kipande cha upande wa Nzega kina urefu wa karibu kilomita 59, na cha upande wa Tabora kilomita 56 hivi. Vipande hivyo viliweza kuungana kwa sababu upana wa njia na kimo cha tuta vilikubaliwa kwanza kwenye michoro. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walilijua jambo hilo kwa namna yao: mzigo ulikadiriwa kwa frasila, yaani kilo 16 hivi, na nguo ilipimwa kwa shuka na doti, iwe imefumwa Marekani au India.

Katika vifaa vya umeme wa nyumbani makubaliano ya namna hiyo mara nyingi hayapo. Na ichukuliwe familia ya Puge iliyonunua paneli ya umemejua mnadani, betri katika duka la Tabora, na taa tatu za kiwanda kingine. Kila kifaa ni kizima. Vikiunganishwa, taa haziwaki, na fundi ndiye anayelaumiwa.

Kikwazo kinachoonekana upesi ni umbo la plagi. Hicho si kigumu, kwani fundi hukata waya na kufunga plagi nyingine. Lakini hapo ndipo hatari huanza, maana plagi ikishaingia watu hudhani kila kitu kimepatana. Plagi ndogo ya mviringo ina sehemu mbili za kupitisha umeme, ya ndani na ya nje. Kiwanda kimoja huweka chanya ndani, kingine huweka hasi. Plagi huingia barabara, na kifaa kisicho na kinga huungua.

Kisha kuna volti. Paneli iitwayo ya volti 12, ikiwa juani bila kuunganishwa na kitu, huonyesha volti 21 au 22. Mwalimu mwenye voltimita anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo, kisha akaunganisha taa ya volti 24 ili waone kipimo kikishuka. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 huchajiwa hadi kama volti 14.4, ilhali seli moja ya lithiamu na fosfeti ya chuma hufanya kazi kwenye volti 3.2 tu, na simu hupokea volti 5 kwa waya wa kawaida wa USB. Ndiyo sababu kati ya paneli na betri huwekwa kidhibiti chaji. Kikiwa kimepangwa kwa betri ya aina nyingine, betri huharibika polepole, bila moshi wala mlio.

Lililo gumu zaidi ni lugha. Mitambo mingi ya umemejua huuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu. Mteja akilipa hupewa tarakimu, na kompyuta ndogo iliyomo ndani ya mtambo huruhusu umeme kwa siku alizolipia. Baadhi ya mitambo hutaka pia kila kifaa kinachochomekwa kijitambulishe, na kisichojibu kwa lugha yake hakipewi umeme. Muuzaji amekopesha, na ana haki ya kulinda deni lake. Lakini kampuni ikifunga ofisi, hata familia iliyomaliza kulipa yaweza kubaki na mtambo usiokubali taa wala betri ila zile zisizouzwa tena.

Wenye nyumba za balbu na kufuli ziendeshwazo kwa simu wamekutwa na tatizo lilo hilo. Kwa miaka mingi balbu ya Zigbee haikuelewana na kufuli ya Z-Wave bila kifaa cha katikati cha kutafsiri. Desemba 2019 Amazon, Apple, Google na Muungano wa Zigbee walitangaza kutunga kanuni moja, na toleo la kwanza, Matter, lilitoka Oktoba 2022. Kanuni hiyo hufafanua hata amri ndogo kama kuwasha na kuzima. Hata hivyo mtengenezaji aweza kuacha baadhi ya uwezo wa kifaa chake nje ya kanuni.

Hiari peke yake huenda polepole. Watengenezaji wa simu waliahidi Umoja wa Ulaya chaja ya pamoja mwaka 2009, lakini ilihitajika sheria ili kila simu mpya iuzwayo huko iwe na tundu la USB-C, kuanzia tarehe 28 Desemba 2024.

Fundi wa Puge hangoji sheria. Husoma kibandiko, hupima ncha kwa mita, kisha huandika volti na alama ya chanya kwenye mkanda mweupe juu ya kila waya. Kwa mtambo uliofungwa kwa tarakimu, mkanda huo haumfai kitu.