Shaaban Robert: Tusimsahau Mtu

Wanafunzi wetu humjua Shaaban Robert kwa maswali ya mtihani tu: alizaliwa mwaka wa 1909, akaandika Kusadikika, akafariki mwaka wa 1962. Nami nilimfundisha hivyo kwa miaka mingi, na leo ninakiri kosa langu. Nilipoisoma upya Maisha Yangu, nilimwona mume asiyeona haya kumlilia mkewe, Amina, na mcha Mungu aliyeyapokea majaliwa kwa subira. Katika barua alizomwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, tangu 1931 hadi 1958, nilimwona mwandani ambaye umbali haukumsahaulisha aliowapenda. Walimu wenzangu, mkiingia darasani kesho, anzeni na Amina na Yusuf. Kusadikika itangoja.